Mguu wa Pili wa Msimamizi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na mpango. Mzuri. Nauandika kabla mtoto hajaamka akanisahaulisha.

Hali ilivyo: somo la riwaya ya Kiingereza nilianguka mwaka jana. Siku ya mtihani nilikuwa wodini najifungua. Ofisi ya masomo ikasema kujifungua hakukunijia kwa ghafla, nilikuwa na miezi tisa ya kujipanga. Sasa narudia, na mara ya tatu haipo. Nusu ya alama zote ni kusimama mbele ya semina na kuieleza riwaya. Nikianguka, jina linafutwa chuoni. Na jina likifutwa, Mama mkwe anahamia kwa wifi. Wifi ana mimba ya pili na ameshasema waziwazi: mke wa kaka akiwa nyumbani tu, hana haja ya kushikiwa mtoto. Nitabaki mimi, mtoto na beseni.

Riwaya ina kurasa mia mbili themanini na sita. Nimesoma tisa. Hizo tisa nimezisoma mara nne, maana kila nikigusa ya kumi, Bi Mkubwa analia. Bi Mkubwa ni binti yangu. Ana mwaka na miezi miwili na ndiye anayetawala nyumba hii.

Mpango wenyewe: maktaba ina nakala moja, haitoki zaidi ya saa tatu. Nitaichukua niipeleke kwa fundi wa fotokopi pale langoni. Wenzangu wa kikundi watatoa nakala zao kutoka kwenye yangu. Mwenye nakala ndiye mwenyekiti. Mwenyekiti hugawa kazi. Kila mtu atasoma kipande chake anisimulie, mimi nitaunganisha. Kuunganisha nako ni kusoma, ukiangalia vizuri.

Msomi hatumtaki kikundini. Tunamwita hivyo kwa sababu hunyoosha mkono kabla mhadhiri hajamaliza swali, na Kiingereza chake hupanda ngazi kwa ncha za vidole. Ana kitabu chenyewe, kipya, alitumiwa na mjomba wake aliye ng'ambo. Wiki jana nilimwomba niazime. Akanijibu kwa upole kwamba kitabu ni kama mswaki.

Sawa. Piga mswaki wako.

Jumatano, 5 Machi

Nakala imepatikana. Mambo mengine ningependa nisiyaandike, lakini daftari hili ni langu.

Mama mkwe alikuwa na miadi ya macho, nikaenda na Bi Mkubwa. Fundi wa fotokopi alikuwa na kazi mbili mezani: yangu, na ya wanafunzi wa mwaka wa tatu. Yao pia riwaya, nene hivyohivyo. Marundo mawili ya karatasi yamekaa jirani kama mapacha. Nikamshusha mtoto dakika moja nipumzishe mgongo. Akaona kitambaa cha meza kinaning'inia. Akakivuta.

Karatasi sakafuni kote. Fundi akaanza kuinama, anaguna. Nikamwambia aache, nitapanga mwenyewe, mimi ni mtu wa fasihi. Nikapanga kwa namba za kurasa, moja hadi mia mbili themanini na sita, hakuna iliyopotea wala kuzidi. Zilizobaki nikamrudishia kwenye rundo la mwaka wa tatu, zikatimia nazo. Fundi akasema dada, tuzipitie polepole. Nikatazama saa: dakika kumi na moja kitabu kirudi maktaba. Nikamwambia namba zinajisemea. Akanishonea, akaweka jalada la bluu.

Kimependeza. Nimekinusa njia nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao cha kwanza cha kikundi, chini ya ngazi za idara. Tuko wanne: mimi, Mrefu, Mpole, na Redio, ambaye hajawahi kuzimwa. Kila mmoja ana lugha ya kwao, na hakuna mbili zinazofanana. Tunajadili kwa Kiswahili, tunaandika kwa Kiingereza, na tukitaka kumsengenya mtu kila mmoja anarudi kwa mama yake.

Nimegawa kwa haki. Mrefu, kurasa za mwanzo hadi tisini. Mpole, tisini na moja hadi mia na arobaini. Redio, zote zilizobaki, maana anapenda kusimulia. Mpole aliuliza mwenyekiti anasoma zipi. Nikamjibu mwenyekiti anasoma picha nzima. Akaandika hilo kwenye daftari. Ni mtoto wa watu, Mpole.

Nikasisitiza jambo moja: mtu asiguse kipande cha mwenzake, tusije tukachanganyana mawazo. Nilijisikia kiongozi.

Jumapili, 9 Machi

Mrefu na Mpole wamemaliza na kunisimulia. Kweli wamejitahidi. Ili nisisahau, nilimsimulia Mama mkwe huku nafua.

Ni hivi. Kuna mjane mwenye kinu cha kusagia nafaka kando ya mto. Mumewe alizama mtoni, na tangu hapo mjane anaogopa maji kiasi kwamba ndoo ikijaa anaifunika kwa kitambaa. Ana msimamizi wa kinu, mwanaume mkimya wa mguu mmoja na gongo. Anampenda mjane ila hasemi. Kila jioni anagonga gongo mara mbili mlangoni kumjulisha kwamba kinu kimefungwa, halafu anaondoka.

Mama mkwe aliacha kuchambua mchele. Akauliza kwa nini hasemi. Nikasema ndivyo walivyo kwenye riwaya za Kiingereza. Akasema basi wana shida.

Nieleze hapa kuhusu Mama na hadithi. Husikiliza mchezo wa redio kila siku saa kumi, kisha huwasimulia majirani waliokuwa kazini. Ila kwake hafi mtu. Wiki iliyopita mchezo uliisha kwa bibi harusi kuzikwa, Mama akawasimulia majirani kwamba alipona na akazaa mapacha. Nilipomuuliza, alisema yeye amezika vya kutosha katika maisha yake, hawezi kuzika na wa redioni.

Nimekaa nikamfikiria huyo mjane na ndoo yake. Mtoto akaingia kwenye beseni na viatu.

Jumanne, 11 Machi

Redio amemaliza. Kuanzia ukurasa wa mia na arobaini na moja hadithi inachangamka ajabu. Mjane yuko melini. Anajisimulia mwenyewe, hakuna tena mtu wa pembeni anayemsema. Mabaharia wa kila taifa, lugha kumi sitahani, na yeye anacheka, anamtafuta kaka yake aliyepotelea bandari fulani ya mbali. Msimamizi naye yumo, anasimamia shehena, na upepo ukivuma anapanda mlingoti kama tumbili.

Nikamsimulia Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka ungo chini. Akauliza: huyu si ndiye aliyekuwa anafunika ndoo? Nikasema ndiye. Na leo yuko katikati ya bahari anacheka? Nikamweleza kwamba mhusika hukua. Halafu akauliza mguu wa pili msimamizi ameupata wapi.

Nikamwambia, Mama, huo ni mguu wa kiishara.

Akasema, mwanangu, mlingoti haupandwi kwa ishara.

Nikaacha hapo. Mama ni mtu mwema, lakini hakusoma. Mimi mguu ule umenifungulia kila kitu. Nchi kavu mjane anasemwa na wengine. Kwenye maji, katikati ya lugha za watu, anajisema. Msimamizi alikuwa kilema wa ukimya, sasa ni mzima. Hii ndiyo dunia ya utandawazi tunayohubiriwa kila muhula! Nimeandika kurasa sita mtoto akiwa amelala kifuani. Mkono umekufa ganzi. Sijali.

Alhamisi, 13 Machi

Msomi kanisimamisha kwenye korido. Kauliza kama tumeshafika kwenye moto. Nikamuuliza moto upi. Akasema ule wa mwisho, wa kinu, unaosikitisha. Alisema usiku ule hakula.

Nikatabasamu. Nikamwambia tumeupita zamani.

Moto gani kwenye riwaya ya meli? Huu ni mtego. Anataka niutaje kesho darasani, nichekwe mbele ya watu. Nikawaita wenzangu chini ya ngazi nikawaonya: mtu yeyote asitaje moto. Redio akathibitisha kwamba kwake kuna dhoruba mbili, homa moja na harusi ya kasisi, moto hata wa kiberiti haumo. Mpole alisema labda tungeazima kitabu cha Msomi dakika tano tu, tuhakikishe. Nikamwambia anayetilia shaka nakala yake hafai kuwa msomaji.

Baba Bi Mkubwa alipiga simu kutoka njiani. Anaendesha lori, huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Nilimweleza nadharia yangu yote, alinipongeza. Kisha akauliza kama kitabu nimekisoma. Mtandao ukawa mbaya. Niliufanya mimi kuwa mbaya.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwisha.

Nianze na lililo zuri, ni fupi. Nilisimama mbele ya watu arobaini kwa sketi iliyopigwa pasi upande mmoja. Nikaanza kwa Kiingereza changu cha viatu vya kuazima, kinachobana vidoleni. Lakini nilipofika kwa yule mwanamke wa sitahani, kikalegea. Nikasema hata mimi namjua. Nyumbani mimi ni mama wa fulani na mke wa fulani, nasemwa. Sokoni nina lugha nyingine na sauti nyingine. Hapa darasani nikitaka kusema nina njaa, natafuta kwanza kama njaa yangu inaruhusiwa. Nikasema huenda mtu hahitaji kuchagua mmoja kati ya hao, huenda anahitaji meli tu yenye nafasi ya wote.

Mhadhiri wetu, mama wa makamo ambaye huwa anasahihisha makaratasi tukiongea, aliweka kalamu chini.

Ningeketi pale. Kwa nini sikuketi?

Akauliza taratibu kuhusu msimamizi. Nikasema mguu wa pili ni wa kiishara. Watu arobaini wakaandika. Niliwaona wakiandika, na moyo ukajaa.

Msomi alinyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisubiri aitwe. Akasema samahani sana, lakini kwake hakuna meli.

Mhadhiri akaomba nakala yangu. Akafungua kurasa za mia na arobaini na mia na arobaini na moja, akasoma kwa sauti pale zinapokutana, nami naitafsiri hapa ili iniume vizuri: Mjane alifunga dirisha asiusikie mto, akamwambia paka wake kwamba nahodha alitupa kofia yake baharini, sote tukashangilia.

Akarudia tena, kwa wale waliokuwa nyuma.

Nikayaona marundo mawili sakafuni kama vile yameanguka sasa hivi. Riwaya mbili. Nusu ya moja, nusu ya nyingine, na mimi nikazioza. Mtu mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuja kuazima kiti tu, akasema kutoka mlangoni: kumbe ninyi ndio wenye meli yetu. Sisi tuna kinu kinaungua, tumekosa usingizi wiki nzima tunatafuta kiliingiaje bandarini.

Kicheko kilikuja kwa lugha zote za darasa. Mpole peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta alichoandika.

Jumamosi, 15 Machi

Sikutoka kitandani hadi saa tatu asubuhi. Bi Mkubwa alinipandia kichwani, akanipapasa macho, akaona yana maji, akayafuta kwa soksi yake. Sijui alijifunza wapi. Kwangu, labda.

Nikamwambia Mama yote. Sikumficha kitu. Alisikiliza, akamenya kitunguu kizima. Hakuniambia kwamba alinionya kuhusu mguu. Ningemshukuru angeniambia, ningepata pa kukasirikia. Alichouliza ni hiki: sasa yule mjane, kwenye kitabu chake mwenyewe, ilikuwaje?

Nikasema sijui.

Akasema basi hata usingizi hataupata.

Wifi alipiga simu kumuuliza Mama anakuja lini. Nilimsikia Mama akijibu kwamba bado kidogo. Bado kidogo ni muda gani? Nimepiga hesabu za siku zilizobaki kufika mwisho wa muhula kwa vidole vya mtoto, vya mikono na vya miguu. Vidole vimetosha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeitwa ofisini kwa mhadhiri. Chumba chembamba, vitabu hadi dirishani, kiti kimoja chenye vitabu pia, kwa hiyo nilisimama.

Alisema amesahihisha kazi za riwaya ile miaka mingi, na zote zinasema yaleyale kwa maneno yaleyale. Alisema nilichokisema kuhusu nyumbani na sokoni na darasani hakikuwa cha kunakili, na ndicho pekee alichokumbuka jioni ile. Kwa bahati mbaya, akasema, hakimo kitabuni. Nirudie Alhamisi ya tarehe ishirini na saba, peke yangu, mbele yake. Nusu ya pili, ile halisi, hasa mwisho. Swali litakuwa la mwisho wa mjane. Nikikosea hapo, atalipeleka jina likafutwe.

Nilipofika mlangoni aliniita. Akasema mwanangu, safari hii kisome.

Nikasema ndiyo. Nilikuwa namaanisha. Naapa nilimaanisha mpaka nilipofika getini kwetu, mtoto akawa ana homa ya meno.

Alhamisi, 20 Machi

Siku tatu, kurasa nne, tena za nusu ya kwanza ya nakala yangu, ile ya kinu. Maktaba inasema kitabu kimeshikwa na mwaka wa tatu, wanakifananisha na chao. Bi Mkubwa anatoa jino la juu na hataki bega la mtu mwingine. Nikiketi analia. Nikisimama analia kidogo zaidi. Nimesoma ukurasa mmoja nikitembea duara, nikakuta mjane ameuza kitu kwa mtu fulani, na sikumbuki kitu wala mtu.

Niliinamisha kichwa kwenye ukuta wa jikoni nikakaa hivyo. Si kulia. Kuegemea tu.

Ndipo Msomi akatokea mlangoni. Jasho, kitabu mkononi, ameuliza njia mtaa mzima. Akasema hawezi kukaa na lile jambo, angeniambia pembeni na si mbele za watu. Akanipa kitabu. Yule wa mswaki! Nilimtazama, nikatazama kitabu, nikatazama mtoto aliyekuwa ameshanyoosha mkono kukirarua. Mama mkwe akauliza kutoka ndani ni nani. Nikasema ni mwanafunzi mwenzangu, anayejua ya mjane. Mama alitoka na kigoda. Akakiweka mbele ya Msomi kabla hata ya kumsalimia.

Hapo ndipo mpango uliponijia. Mzuri kuliko wote.

Msomi atamsimulia Mama, jioni nne, kurasa zote, kwa Kiswahili. Mimi nitamtembeza Bi Mkubwa nyuma ya nyumba mpaka alale. Mama atanisimulia mimi. Mama ndiye aliyeushtukia mguu; watu arobaini waliuandika tu. Msikilizaji gani namtafuta tena?

Msomi aliuliza kama si rahisi nikisikiliza mwenyewe. Nikamjibu kwamba hana mtoto.

Jumatano, 26 Machi

Imekamilika. Jioni nne. Kesho saa nne asubuhi nipo kwa mhadhiri.

Jino limetoka. Nimelala saa saba mfululizo kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Mama amemwambia wifi asubiri kwanza, hapa kuna mtihani.

Leo mchana, huku tunachambua mboga, Mama alinipa mwisho wote na mimi nikaandika neno kwa neno. Kinu kilishika moto usiku, hilo ni kweli, Msomi hakuwa ananitega. Lakini mjane, yule aliyeogopa hata ndoo, alikimbia mwenyewe mtoni akachota. Akachota, akachota, mpaka moto ukazimika wote. Msimamizi akasema hatimaye. Wakaoana. Seremala akamchongea mguu wa pili, mzuri kuliko ule wa kwanza, na hakugonga tena mlango kwa sababu sasa alikuwa anaingia. Walizaa mapacha.

Nilimuuliza Mama kama ana hakika. Akasema mwanangu, nilikuwa nimekaa palepale. Akaendelea kuchambua bila kuinua macho.

Nimeandika kurasa nane. Mwisho huu unaeleza kila kitu: maji yaliyomuua mume ndiyo yanayookoa kinu. Ukweli nimesisimka. Mhadhiri ataweka kalamu chini tena.

Sikuona haja ya kufungua kitabu cha Msomi, kipo juu ya kabati mbali na mikono ya mtoto. Nimemrudishia jioni hii kikiwa safi. Alinitakia heri ya kesho. Alisema ameshangaa Mama hakulia pale mwisho, maana yeye, ingawa ni mara ya tatu kuupitia mwisho huo, aliumaliza kwa taabu. Kweli macho yake yalikuwa yamevimba.

Vumbi la mkeka, nadhani. Kesho nikitoka chuoni nitaukung'uta.